Kaptula ya Misi Klea

Ndara, 17 Aprili 1955

Mdogo wangu Loise,

Nakusalimu wewe na baba na watoto wako wa darasa. Mimi sijambo, na safari hii siandiki hivyo kwa desturi ya barua. Sijambo kweli.

Haya ninayokuandikia ni yako peke yako. Usimpe baba asome, na ukikutana na mama mkwe wangu kanisani, mwambie tu kwamba nasalimu. Mume wangu Donald naye huko Kisumu bado sijamwambia.

Binti wa meneja wetu wa shamba la mkonge, Misi Klea, amerudi kutoka Uingereza. Kazi yake kule ni kushindana kuteleza juu ya barafu. Najua utacheka, hata mimi nilicheka. Anasema kuna ukumbi mkubwa kuliko kanisa, na sakafu yake ni maji yaliyogandishwa. Wasichana huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, wakateleza, wakaruka, wakajizungusha hewani na kutua kwa mguu mmoja, na waamuzi wamekaa pembeni wakitoa alama. Mimi sikuelewa mpaka alipotoa kipande cha barafu kwenye friji ya mafuta ya taa, akakiweka sakafuni pale verandani na kukisukuma kwa kidole. Kilikwenda mpaka ukutani. Akasema, "Sasa fikiria mimi niko juu yake."

Mwaka jana alianguka mbele ya waamuzi. Mwalimu wake akamwambia kwamba miguu yake huchoka kabla muziki haujaisha, basi arudi kwao akaijenge. Hapa Ndara barafu haipo, kwa hiyo mazoezi yote ni ya mchangani. Alihitaji mtu wa kumshika kiuno anapojifunza kuzunguka, na mama yake, memsaab wetu, akaniita kutoka kwenye pasi.

Siku za mwanzo nilimshika tu. Kisha akaniomba niruke mimi, ili aone mwili unavyojikusanya. Nikakataa, nikamwambia nina tumbo bovu. Akaniuliza ni nani aliyesema hivyo. Loise, daktari hakusema hivyo. Alisema mama mkwe, akafuata Donald, halafu kijiji kizima. Tangu ile mimba yangu iharibike mwaka juzi sijaruhusiwa kubeba hata mtungi wa maji. Nikipanda ngazi za kanisa watu wananishika kiwiko kama ajuza.

Basi nikaruka. Nilianguka kwa makalio, Klea akaanguka kwa kicheko, nikaruka tena. Sasa kila asubuhi kabla ya chai tunapanda mlima mbio mpaka kwenye mawe meupe. Tukirudi tunaruka kamba, tunasimama kwa mguu mmoja macho yamefungwa, tunachuchumaa na kuinuka kwa mguu mmoja. Kisha tunaruka na kuzunguka, mikono imebanwa kifuani, na kutua lazima kuwe laini. Ukisikika unapotua, umekosea. Nimempiku kwa mlima. Kwa kutua bado ananishinda.

Amenipa kaptula yake ya zamani, na ninaivaa. Ukisikia lolote, wewe hujui kitu.

Ni mimi dada yako,
Tryphena


Kisumu, 29 Mei 1955

Kwa Tryphena,

Nimepata barua yako ya Pasaka. Uliandika habari za mvua na za bei ya sabuni, nami nikafurahi kwamba mke wangu ametulia.

Wiki hii Opiyo amepita hapa akienda kwao likizo. Unamjua, ni yule fundi wa reli wa Voi, si mtu wa maneno mengi. Alizungukazunguka ofisini kwangu mpaka nikamlazimisha aseme. Anasema alikuja hapo Ndara kununua maziwa, akakuona nyuma ya kamba za kuanikia mkonge. Ulikuwa umevaa kaptula, miguu wazi. Kijana wa Kizungu mwenye nywele fupi alikuwa amekushika kiuno na mlikuwa mkicheka. Anasema baadaye mlikimbia pamoja kuelekea mlimani.

Sitaki kuandika mengi, kwa sababu karani mwenzangu hufungua barua za watu. Ninakuuliza jambo moja tu, kijana huyo ni nani? Na kama hukumbuki kwamba wewe ni mke wa mtu, kumbuka angalau kwamba ulikuwa mgonjwa.

Acha kazi hiyo. Panda Mghange ukakae na mama mpaka nipate ruhusa.

Mumeo,
Donald Mwandawiro


Ndara, 6 Juni 1955

Kwa Donald,

Barua yako imefika. Umeniuliza swali moja, lakini kabla ya swali ulikuwa na jibu, na baada ya jibu ukatoa amri. Mtu anayetaka kujua haandiki hivyo.

Alichokiona Opiyo nilikifanya asubuhi ile, nikakifanya jana, na kesho nitakifanya tena. Mghange siendi.

Sabuni imepanda bei tena.

Tryphena


Mghange, 19 Juni 1955

Dada Tryphena,

Una nini wewe? Shemeji Donald amemwandikia baba, na baba amenipa barua nimsomee, kwa hiyo nimelazimika kusoma kwa sauti maneno ambayo nilijua si ya kweli huku uso wangu ukiwaka moto. Nikamwambia baba kwamba Opiyo ameona vibaya. Akaniuliza nimejuaje. Nikajifanya nakunja karatasi, maana ulinikataza kusema.

Maneno mawili tu yatamaliza jambo hili. Mwandikie kwamba huyo "kijana" ni msichana aliyekata nywele. Kiburi chako nakijua tangu utotoni, lakini safari hii kitakuponza, na nitakueleza kwa nini.

Mama mkwe wako alishuka Njukini, kule Taveta, mwezi uliopita. Alisema anakwenda kutafuta mbegu za maharagwe. Peris, yule jirani yao, aliandamana naye, na jana ameniambia kwamba walikaa siku nzima kwa bwana mmoja anayeitwa Gibson, mwenye mpwa wa kike aliyemaliza shule. Walizungumza habari za Donald. Na wala si sababu ya Opiyo, dada. Safari hiyo ilifanyika kabla Opiyo hajafungua mdomo. Sababu ni mtoto.

Peris anasema shemeji anajua. Aliandikiwa, na hakukataa.

Nisamehe kwa kukuletea habari hii kwa karatasi. Ningekuwa na nafasi ningeshuka.

Mdogo wako,
Loise


Ndara, 2 Julai 1955

Donald,

Sasa nitakueleza, na nisome mpaka mwisho. Sijitetei. Nataka tu usije ukasema hukuambiwa.

Kijana ambaye Opiyo alimwona ni Misi Klea, binti wa meneja. Amekata nywele kwa sababu zinamwingia machoni anapozunguka. Anajenga miguu yake kwa mashindano ya barafu, na mimi ninajizoeza naye. Ningeweza kukuandikia haya mwezi uliopita ukalala usingizi. Sikutaka ulale.

Unasema nilikuwa mgonjwa. Nilipoteza mtoto, Donald. Niliumia, nikalia, kisha nikapona, na hakuna hata mmoja wenu aliyetaka kuniambia kwamba nimepona. Mama alinitoa shambani. Wewe ulininyang'anya ndoo mbele ya watu, na najua ulifanya kwa upendo. Lakini baada ya miezi nilianza kutembea kama mtu aliyebeba yai mkononi. Nilikuwa nikiamka asubuhi naukagua mwili wangu kama mali ya mtu mwingine niliyoiharibu.

Sasa napanda mlima wa Ndara bila kusimama. Naruka juu, nageuka hewani mzunguko mzima, natua kwa mguu mmoja na kuku wa memsaab hawashtuki. Barafu sitaiona maishani mwangu, na sijali. Siku ya kwanza nilipotua vizuri nilikaa chini mchangani nikalia, na Klea hakuniuliza kwa nini.

Na Njukini je? Nimesikia. Umenituhumu kwa mwanamume ambaye hayuko, na huku mezani kwako kuna barua ya habari za mwanamke ambaye yuko. Kama unataka mke mwingine, njoo uniambie ukiwa umesimama mbele yangu. Usimtume mama na kikapu cha maharagwe.

Tryphena


Ndara, 14 Agosti 1955

Mdogo wangu,

Alikuja.

Hakutoa habari. Alishuka Voi kwa treni ya usiku, akatembea mpaka hapa, na sisi tuliporudi kutoka mlimani tukamkuta amesimama karibu na kamba za mkonge, na koti lake la kazi na sanduku. Klea alimsalimu kwa Kiswahili chake cha shambani, akaniachia nafasi, akaenda kuruka kamba peke yake.

Donald alimtazama msichana yule, zile nywele, ile kaptula, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akanishika mkono, akasema, "Mungu ashukuriwe, Opiyo ni mpumbavu."

Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Wewe umefurahi kwamba si mwanamume. Mimi bado sijafurahi."

Akauacha mkono wangu. Tukakaa juu ya lile gogo la kufulia. Nikamwuliza habari za Njukini na hakuficha. Alisema mama yake alimwandikishia barua tangu Februari, na kwamba yeye hakuitaka kabisa habari hiyo, lakini kumjibu mama ni kazi ngumu, na kunyamaza kulikuwa rahisi, akadhani jambo litakufa lenyewe. Nikamwambia halikufa. Lilipanda basi likaenda mpaka kwa Gibson.

Loise, yule si mtu mbaya. Alinisikiliza. Asubuhi iliyofuata aliomba kuja nasi mlimani. Alianza kwa kasi kuliko sisi, na kabla ya nusu ya njia alikuwa ameshika mti anatapika. Nilirudi nikasimama naye. Akaniuliza nimeanza lini kuwa hivi. Nikamwambia ni tangu nilipoacha kuuliza ruhusa. Akainama, akatikisa kichwa, lakini hakuniambia niache.

Kabla hajaondoka nilimwomba kitu kimoja, amwandikie mama yake kwamba haoi Njukini. Aliahidi. Nilimtazama machoni nikaona anamwogopa mama kuliko anavyoniogopa mimi, na hapo ndipo penye kazi.

Klea ameondoka jana, treni mpaka Mombasa, kisha meli. Alinikumbatia mbele ya memsaab, na memsaab akageuka kando. Leo asubuhi nilipanda mlima peke yangu. Niliporudi memsaab alikuwa verandani. Ameniambia kwamba mazoezi yamekwisha, na kwamba hataki kuona mtumishi wake akikimbia porini amevaa nguo za bintiye, hasa siku hizi za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Nikamjibu kwa adabu kwamba kabla ya saa ya kazi wakati ni wangu.

Nadhani hapa sitakaa sana.

Dada yako,
Tryphena


Kisumu, 2 Oktoba 1955

Mke wangu Tryphena,

Opiyo ameniandikia kwamba memsaab amekufukuza, na kwamba Awiti mkewe amekupa chumba kwao Voi. Anasema unapiga pasi nguo za wafanyakazi wa reli na kwamba asubuhi unakimbia kando ya njia ya reli, na mafundi wamezoea, wanakupungia mkono. Anaomba umsamehe. Mimi pia naomba, kwa lile la Mei.

Kuhusu barua ya mama. Nimeianza na kuichana. Kila nikiandika "sitaki" naiona sura yake. Baba alipofariki ni yeye aliyelima peke yake akanisomesha. Nivumilie kidogo. Nitapata maneno.

Mumeo anayekupenda,
Donald


Voi, 6 Novemba 1955

Donald,

Opiyo nimemsamehe. Ananipakulia samaki mkubwa kila Jumapili mpaka Awiti analalamika.

Klea ameandika. Alianguka tena, mara moja, katikati ya muziki, akainuka akamaliza, na miguu haikuchoka. Hakushinda, alikuwa karibu na mkia wa orodha. Mama yake amemwandikia aache sasa arudi aolewe. Amekataa. Anajizoeza kwa mashindano yajayo, na ananiomba nimweleze kama bado natua kimya. Nimemjibu kwamba natua kimya.

Maneno unayoyatafuta usijisumbue. Nitamwandikia mama mimi mwenyewe.

Tryphena


Voi, 20 Novemba 1955

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti lako halikusumbui na mvua hizi. Loise ndiye atakayekusomea, na nimemwomba asiruke neno.

Mama, wewe ulinipokea vizuri nilipoolewa. Nilipopoteza mtoto ulilala sakafuni kando ya kitanda changu. Hayo siyasahau, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukaa kimya.

Najua habari ya Njukini. Kusudi lako ni kupata mjukuu, na mimi sikulaumu kwa kutaka mjukuu. Hata mimi nataka mtoto. Huenda akaja, huenda asije. Lakini mimi sijavunjika, na sitakaa pembeni nikingoja kubadilishwa kama sufuria.

Umewaambia watu kwamba siwezi hata kupanda mlima wa kwetu. Jumamosi ya kwanza ya Desemba nitashuka basi Mwatate, nije Mghange kwa miguu, na mzigo wako wa chumvi na sukari nitaubeba mwenyewe. Usimtume mtu kunipokea.

Mkweo,
Tryphena


Mghange, 12 Desemba 1955

Shemeji Donald,

Nakuandikia kwa sababu dada hatakuandikia, na mama yako hajui aseme nini.

Ile barua nilimsomea mama, akaichukua akaifunga kwenye pindo la khanga. Lakini naona alifanya hesabu zake, maana Jumamosi ile ile aliyotaja dada, Gibson wa Njukini alikuwa sebuleni kwenu pamoja na ndugu zake wawili. Sijui kama mama aliwaita ili dada awakute aone aibu arudi, au alidhani hatafika. Mimi nilikuwepo, naandaa chai.

Alifika jua likiwa juu. Tulimwona tangu kule chini kwenye mashamba ya viazi, mzigo kichwani, anapanda kama mtu anayekwenda kisimani. Watoto wangu wa shule walimfuata nyuma. Aliingia, akatua mzigo polepole, akamwamkia mama, akawasalimu wageni wote mmoja mmoja. Gibson akauliza huyu ni nani.

Akasema, "Mimi ndiye mke wa Donald. Karibuni sana. Mtakula, kisha nitawasindikiza."

Shemeji, hakuna aliyejua atazame wapi. Alikwenda jikoni akapika, akapakua, akanawisha kila mtu mikono. Aliuliza habari za mahindi ya Njukini na za soko la Taveta. Neno moja la ukali halikumtoka. Walipomaliza akachukua vikapu vyao, vyote, akatangulia njiani. Gibson alisema si lazima, akamwambia kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani. Unaijua njia ile inavyoshuka na kupanda. Alitembea mwendo wake. Ninaambiwa Gibson alikaa chini njiani akimwomba apunguze, na dada alimngoja amesimama, vikapu kichwani, bila kuhema. Kule barabarani Gibson alimwambia, "Mama, mimi sikuambiwa kwamba uko." Akajibu kwamba sasa ameambiwa.

Aliporudi mama yako alikuwa bado amekaa pale pale. Akamwuliza, "Umetoka Mwatate kwa miguu kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Na tumbo lako?"

"Tumbo langu liko salama, mama. Nalibeba mwenyewe."

Mama alilia. Sijamwona akilia tangu mazishi ya baba yako. Dada alikaa naye mpaka giza, sijui waliongea nini, nilitoka nje. Nilichosikia tu ni mama akisema kwamba yeye alitaka kukusaidia, na kwamba wewe hukuwahi kumwambia acha.

Usiku mama alimtandikia chumba chako. Dada alikataa. Amelala kwangu hizi siku zote. Anasema katika chumba kile ataingia siku wewe utakapokuja useme kwa mdomo wako, mbele ya mama, unayemtaka. Usipokuja kabla ya mwaka mpya atashuka Voi kwa kazi yake. Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayetaja saa ya treni.

Asubuhi anakwenda uwanjani kwetu kuruka. Wasichana wa darasa langu wameanza kwenda naye. Mzee wa kanisa amekuja kulalamika kuhusu kaptula, dada akamkaribisha kiti atazame.

Shemeji yako,
Loise


Kisumu, 18 Desemba 1955

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Donald.

Sitaoa Njukini. Sikutaka tangu mwanzo, na ilinipasa kukuambia mwezi ule wa Februari. Nimeandika, hatimaye, na mkono haukukatika.

Nimepewa ruhusa. Nitashuka Voi Ijumaa, na Jumamosi nitapanda kutoka Mwatate kwa miguu, hata kama nitatapika njia nzima.

Tryphena mwambie kwamba, hapana, usimwambie kitu. Nitasema mwenyewe, na wewe uwepo.

Mwanao,
Donald